Dungeons & Dragons ya 1981: kuiendesha mezani nyumbani, kisha kukaa nayo tamashani

Dungeons & Dragons ni mchezo wa kuigiza wa mezani: kila mchezaji anaongoza mhusika mmoja wa kubuni, na mtu mmoja, mwendeshaji, anaeleza handaki wanamoingia kutafuta hazina na viumbe waliomo. Ulitoka Januari 1974, kisanduku chenye vijitabu vitatu, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Tangu hapo imeandikwa upya mara nyingi. Mwongozo huu unashika toleo la 1981, lile la wanaoanza lililohaririwa na Tom Moldvay, kwa sababu kanuni zake za ngazi tatu za kwanza (ngazi ni hatua anazopanda mhusika kwa uzoefu) zimeenea kurasa 64 tu na bado zinachezwa duniani kote, nyumbani na kwenye matamasha.

Wengi wanaolijaribu huliacha baada ya vikao viwili wakilalamika kwamba wahusika wanakufa ovyo. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: mwendeshaji ameruka hesabu ya muda, mwanga na mzigo akiona ni kazi ya karani. Ukiziondoa hesabu hizo, kinachobaki ni mapigano matupu, na katika mapigano matupu mhusika mwenye pointi nne za uhai hana lake. Hesabu hizo ndizo zinazompa mchezaji maamuzi ya kufanya: tuendelee au turudi, tubebe au tuache, tupigane au tuongee. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni namna ya kuzishika bila kuchosha meza.

Vifaa

Huhitaji nakala ya 1981 yenyewe. Siku hizi inauzwa kama kitu cha kale. Leseni huria iliyotolewa mwaka 2000 iliwafungulia wengine njia ya kuandika kanuni zinazofanana nazo. Basic Fantasy ya Chris Gonnerman inapakuliwa bure, nzima. Old-School Essentials ya Gavin Norman inalifuata toleo la 1981 kwa karibu zaidi na ina kijitabu cha bure cha kanuni za msingi. Angalia tofauti moja: katika Basic Fantasy namba ya kinga (ugumu wa kumpiga mtu) ikipanda, kinga imekuwa bora, katika kanuni za 1981 kinga bora ni namba inayoshuka, kuanzia 9 kwa asiye na deraya. Chagua kitabu kimoja na usilete kurasa za kingine mezani, maana mabishano mengi ya kikao cha kwanza yanazaliwa hapo.

Ukienda kuchapisha kwenye duka la vifaa vya kuandikia au saiba, toa kurasa za kuunda mhusika, bei za vifaa, jedwali la kupiga na uchawi wa ngazi ya kwanza. Nakala moja kwa kila wachezaji wawili inatosha. Kurasa za viumbe na hazina ni za mwendeshaji peke yake.

Dadu huuzwa seti ya saba: ya pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na ya kumi ya pili iliyoandikwa makumi ili kupata asilimia. Wachezaji huziandika d4, d6 na kuendelea. 3d6 ni dadu tatu za pande sita zilizojumlishwa. Seti moja kwa meza nzima inatosha kuanzia, ukiongeza dadu tatu za ludo. Kama seti haipatikani, tumia karatasi. Mwaka 1979 TSR, kampuni iliyouchapisha mchezo huu, ilipopungukiwa na dadu, iliweka vipande vya namba kwenye visanduku vyake, na njia hiyo bado ni halali. Kata vipande 60 vya karatasi ngumu, vyote ukubwa mmoja, uvigawe vikombe sita: 1 hadi 4, 1 hadi 6, 1 hadi 8, 1 hadi 10, 1 hadi 12 na 1 hadi 20. Mtu achote bila kutazama, asome kwa sauti, kisha akirudishe na kutikisa kikombe. Asipokirudisha, anayefuata hana tena nafasi sawa ya kupata namba ile.

Ongeza daftari la hesabu lenye miraba (mraba mmoja ni futi 10), penseli kwa kila mtu, vifutio, na karatasi moja ya muda itakayoelezwa chini. Usiruhusu kalamu ya wino, kwa kuwa pointi za uhai hubadilika kila baada ya dakika chache.

Kuunda mhusika kwa dakika kumi na tano

Rusha 3d6 mara sita, uandike kwa mpangilio: nguvu, akili, busara, wepesi, siha, mvuto. Usihamishe namba. Mchezaji anapokea alichopata, kisha ndipo anachagua aina ya mhusika inayofaa: mpiganaji, kuhani, mchawi, mwizi, au mmoja wa wasio binadamu, yaani dwafu, elfi na halflingi. Kikundi cha kwanza kishike zile aina nne za binadamu. Namba 9 hadi 12 haibadilishi kitu. 13 hadi 15 inaongeza 1 kwenye hesabu zinazotegemea sifa hiyo, 16 na 17 inaongeza 2, 18 inaongeza 3. Na kushuka ni vivyo hivyo, 6 hadi 8 inapunguza 1, 4 na 5 inapunguza 2, 3 inapunguza 3. Mvuto peke yake una hesabu yake, ndogo zaidi. Akitokea aliye chini ya wastani kwa kila sifa, kanuni zinamruhusu mwendeshaji kumwondoa na mchezaji arushe upya.

Pointi za uhai: mpiganaji d8, kuhani d6, mchawi na mwizi d4. Kuna kanuni ya hiari ya kurudia ukipata 1 au 2 kwenye ngazi ya kwanza, na tunashauri itumike. Haimfanyi mtu shujaa, ila inaondoa yule mchawi mwenye pointi moja ambaye hata panya anamuua kwa ng'ato moja. Mwambie pia anayechagua kuhani mapema: katika toleo hili hana uchawi wowote kwenye ngazi ya kwanza. Kazi yake ni kufukuza wafu wanaotembea na kusimama mstari wa mbele akiwa na deraya.

Fedha ya kuanzia ni 3d6 mara 10. Chukua mpiganaji mwenye sarafu 110. Deraya ya vikuku vya chuma ni 40, ngao 10, upanga 10. Mkoba wa mgongoni 5, magunia makubwa mawili 4, mienge kumi na miwili 2, kiberiti cha jiwe 3, kamba ya futi 50 kwa 1, misumari mikubwa kumi na miwili kwa 1, kiriba cha maji 1, chakula cha juma moja 5, upondo wa futi 10 kwa 1, na chupa tatu za mafuta 6. Jumla 89. Zinabaki 21, na hizo ziwekwe kwa ajili ya kumwajiri mpagazi wa kubeba mwenge, kwa sababu mwenye upanga na ngao hana mkono wa tatu. Wanaoanza husahau vitu viwili: magunia na mwanga. Bila gunia hazina haitoki. Bila mwanga hata ninyi hamtoki.

Kinga yake sasa ni 4. Hesabu ya kupiga kwa wahusika wa ngazi 1 hadi 3 na viumbe wadogo ni rahisi: toa kinga ya anayepigwa kwenye 19, na hiyo ndiyo namba ya kufikia au kupita kwenye d20. Goblini, kiumbe mdogo wa mahandakini mwenye kinga 6, anapigwa kwa 13. Goblini naye akimshambulia mpiganaji wetu anahitaji 15, yaani nafasi 6 kati ya 20.

Mzigo unahesabiwa kwa uzito wa sarafu, sarafu 10 ni ratili moja. Deraya ile ni 400, ngao 100, upanga 60, na vifaa vingine vyote vinahesabiwa 80 kwa pamoja. Mpiganaji ameingia na 640. Hadi 400 mtu hutembea futi 120 kwa zamu (dakika kumi ndani ya mchezo). Hadi 600, futi 90. Hadi 800, futi 60. Hadi 1,600, futi 30. Kwa hiyo anaingia kwa futi 60, na akitwika gunia lililojaa sarafu 600 anatoka kwa futi 30, nusu ya mwendo, huku mienge ikiisha kwa kasi ile ile. Acha wachezaji walione hilo wenyewe kwenye hesabu zao.

Handaki la kwanza

Chora vyumba kumi na viwili, si zaidi. Hakikisha kuna angalau mzunguko mmoja, yaani njia mbili za kufika sehemu ile ile. Ramani isiyo na mzunguko ni foleni: wachezaji hawana pa kuzungukia adui wala pa kukimbilia.

Kwa kila chumba rusha d6. 1 au 2 ni kiumbe, 3 ni mtego, 4 ni kitu cha ajabu cha kuchezea na kuchunguza (sanamu inayojibu maswali, kisima cha maji yanayobadilisha rangi ya nywele), 5 au 6 ni chumba kitupu. Kisha rusha tena kwa hazina: chumba cha kiumbe kina hazina kwa 1 hadi 3, cha mtego kwa 1 au 2, kitupu kwa 1 peke yake. Theluthi ya vyumba itakuwa mitupu, na usishawishike kuijaza. Chumba kitupu ni mahali pa kupumzika, kufunga mlango kwa misumari, kuficha gunia. Pia kinawafanya wachezaji wasijue kinachowangoja nyuma ya mlango unaofuata.

Kuhusu kiasi cha hazina, kumbuka inavyolipa: kila sarafu ya dhahabu inayotolewa nje salama ni pointi moja ya uzoefu. Goblini mmoja aliyeuawa ni pointi 5, na zinagawanywa. Goblini sita waliochinjwa na wachezaji watano wanaleta pointi 6 kwa kila mtu. Mkufu wa sarafu 300 ulionyakuliwa walipokuwa wamelala unaleta 60, bila jeraha. Mwizi anahitaji 1,200 kufika ngazi ya pili, kuhani 1,500, mpiganaji 2,000, mchawi 2,500. Weka jumla ya sarafu 3,000 hivi katika vyumba kumi na viwili, theluthi yake ikiwa imefichwa. Ukiweka 300, wachezaji watacheza miezi bila kupanda, watachoka, na watakuwa na haki ya kuchoka.

Zamu ya dakika kumi

Chora safu za visanduku sita sita kwenye karatasi ya muda. Kila kisanduku ni zamu moja, dakika kumi ndani ya mchezo. Kutembea umbali wa mwendo wenu ni zamu moja. Kupekua chumba cha futi 10 kwa 10 ni zamu moja. Kila tendo likiisha, tia alama. Kila alama ya pili, rusha d6: ikitoka 1, kiumbe mzururaji anakuja. Kila safu ikijaa, mwenge umezimika, na katika zamu sita hizo moja lazima iwe ya kupumzika. Taa ya mafuta hudumu zamu 24.

Mirusho mitatu kwa safu moja ina nafasi ya karibu asilimia 42 ya kuleta angalau kiumbe mmoja, na mzururaji kwa kawaida hana hazina. Ndiyo maana kupoteza muda kunauma. Rusha dadu hiyo mezani, mbele ya macho yao. Baada ya mirusho miwili wataacha kupapasa kila jiwe na kuanza kuulizana kama inafaa.

Hivi ndivyo mazungumzo yanavyokwenda:

Mwendeshaji: "Mlango wa mbao upande wa mashariki, umevimba kwa unyevu. Ukumbi unaendelea kaskazini kupita mwanga wenu."

Mchezaji: "Nasikiliza mlangoni."

Mwendeshaji anarusha d6 kwa siri. Binadamu husikia kwa 1 tu. Imetoka 4. "Husikii kitu."

"Basi tunausukuma." Mlango uliokwama hufunguka kwa 1 au 2, na nyongeza ya nguvu ya anayesukuma hupanua nafasi hiyo. Imetoka 5. "Umelia kwa kishindo lakini haukufunguka. Mnarudia?" Wakirudia, waliomo ndani wamekwishasikia, na nafasi ya kuwashtukiza imepotea.

Mwendeshaji hapo hakusema "huwezi" wala hakusimulia hadithi yake. Alitaja kilichopo, akasikiliza, akatoza gharama. Mchezaji akisema "napapasa nyuma ya rafu ya mitungi" na kitasa cha siri kipo hapo hapo, mpe bila dadu. Nafasi ya 1 kati ya 6 ya kuona mlango wa siri ni ya anayesema "napekua" bila kusema wapi. Mitego nayo hufyatuka kwa 1 au 2 kwenye d6 kila mtu anapopita, kwa hiyo wa kwanza anaweza kuvuka salama na wa tatu akatumbukia. Usiusahihishe utaratibu huo, maana ndio unaofanya mpangilio wa msafara uwe na maana.

Wape wachezaji kazi mbili za mezani: mmoja achore ramani, mmoja awe msemaji anayekusanya maamuzi na kuyataja kwa mwendeshaji. Msemaji hawaamulii wenzake. Mchora ramani akiuliza vipimo kila futi, chora mwenyewe vyumba vyenye umbo gumu na umpe. Ramani ikiganda, kikao kizima kinaganda.

Si kila anayekutwa ni wa kupigwa

Hii ndiyo kanuni inayorukwa kuliko zote. Kiumbe asiye na sababu ya wazi ya kushambulia hurushiwa 2d6. 2: anashambulia papo hapo. 3 hadi 5: ana uhasama, huenda akashambulia. 6 hadi 8: hajaamua. 9 hadi 11: hashambulii, anaondoka au anasikiliza mnachotoa. 12: anawapenda kama ndugu. Matokeo yanayotokea zaidi ni yale ya katikati, na goblini ambaye hajaamua ni mazungumzo: ushuru wa kupita, habari za chumba cha mbele, chuki yake kwa mkubwa wake. Mvuto wa anayeongea unaongeza au kupunguza hapa, na ndipo mchezaji aliyepata 15 kwenye mvuto anapouona uzito wa namba ile.

Mapigano yakianza, kila upande unarusha d6 na wa juu anaanza. Kisha ipo ari, yaani moyo wa kuendelea kupigana. Goblini wana ari 7. Mmoja wao akianguka kwa mara ya kwanza, na tena nusu yao wakiwa chini, rusha 2d6. Ikizidi ari yao, wanakimbia au wanajisalimisha. Mifupa itembeayo ina ari 12, na kwa kuwa 2d6 haizidi 12, haikimbii kamwe. Mwendeshaji anayesahau ari anageuza kila mkwaruzano kuwa vita vya mpaka wa mwisho, halafu anashangaa wahusika wamekwisha.

Mchawi ana uchawi mmoja tu kwa siku katika ngazi ya kwanza. Ule wa usingizi unalaza viumbe wenye jumla ya ngazi 2d8 bila nafasi ya kujinusuru, na mara nyingi ndio unaookoa kikundi. Asiutupie panya watatu wa chumba cha kwanza.

Mhusika akifika 0 amekufa. Mchezaji asikae nje: achukue mpagazi aliyeajiriwa awe mhusika wake, au arushe mpya huku wengine wakiendelea, naye aonekane chumba kinachofuata kama mfungwa aliyekuwa amefungiwa humo.

Tamasha lipi?

Gen Con, tamasha kubwa la michezo ya mezani, ilianza mwaka 1968 katika ukumbi wa Horticultural Hall, Lake Geneva, Wisconsin, mji wa Gygax. Ilikaa Milwaukee kuanzia 1985, na tangu 2003 iko Indianapolis, katika Indiana Convention Center na maeneo ya jirani, siku nne kuanzia Alhamisi, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Siku hizi wanafika zaidi ya watu 70,000. Kila aina ya mchezo ipo, na mnada wake ni mahali pazuri pa kuona na kushika vitabu vya miaka ya 1970 na 1980.

Lakini kama unachotaka hasa ni kukaa meza za mchezo wa zamani, Gary Con inakufaa zaidi. Ilizaliwa kutokana na mkusanyiko wa waombolezaji baada ya Gygax kufariki Machi 2008, ikawa tamasha rasmi 2009, na hufanyika Machi, Lake Geneva kwenyewe. Ni ndogo, na waliocheza tangu miaka ya mwanzo wanakaa meza moja na wageni. Watu hushuka uwanja wa ndege wa Milwaukee au O'Hare, Chicago, na kumalizia kwa gari. Walioko Uingereza na Ulaya wana UK Games Expo ya Birmingham, tangu 2007, mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, katika kumbi za maonyesho za NEC zilizo kando ya stesheni ya treni na uwanja wa ndege. Tamasha la Essen, Ujerumani, ni kubwa sana kila Oktoba, ila ni ya michezo ya ubao zaidi. Usisafiri kwenda huko kwa ajili ya mahandaki.

Anayetoka Afrika Mashariki kwenda Marekani aanze na viza kabla ya kulipa chochote kisichorudishwa, maana miadi ya mahojiano inaweza kuchukua miezi, na masharti hubadilika; soma tovuti ya ubalozi wenyewe. Chaja za simu kwa kawaida zinakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo unahitaji adapta ya plagi tu.

Kupata nafasi mezani

Gen Con ina hatua tatu zinazochanganya wageni. Beji inakuingiza mlangoni tu. Hoteli za tamasha hugawiwa kwa zamu ya bahati nasibu kwa wenye beji. Kisha, Mei, unafunguliwa usajili wa michezo yenyewe: unatayarisha orodha ya matakwa kwa kipaumbele, unaituma saa inapofika, na mfumo unakupanga foleni. Kwa kawaida hufunguliwa adhuhuri ya Indianapolis, ambayo kwa Nairobi na Dar es Salaam ni saa moja usiku. Mchezo unaoutaka zaidi uwe juu kabisa, na chini yake weka mbadala wa muda ule ule, kwa sababu meza ya watu sita hujaa mara moja.

Soma saa kwa uangalifu: 1 PM kwenye tiketi ni saa saba mchana, si saa moja. Usipange michezo inayofuatana bila saa moja katikati; kumbi zimesambaa kwenye hoteli kadhaa, na kutembea kutoka moja hadi nyingine kunakula muda. Michezo miwili ya saa nne kwa siku inatosha. Mitatu inawezekana, lakini wa tatu utaucheza ukiwa umechoka, na utawapunguzia wenzako utamu.

Ukikosa tiketi, nunua tiketi za jumla, zisizotaja mchezo wowote, na usimame kando ya meza dakika kumi kabla ya kuanza. Asiyefika kwa wakati, kiti chake ni chako. Meza za asubuhi za Jumapili ndizo zinazobaki na viti zaidi.

Wahusika huwa wametayarishwa, kwa hiyo huhitaji kuja na wako. Njoo na dadu, penseli, na kadi uliyoikunja katikati yenye jina la mhusika upande mmoja na lako upande wa pili, isomeke toka ng'ambo ya meza. Mbele ya wageni, sema tendo lako kwa sentensi moja na umpishe mwenzako. Meza nyingi huweka kadi yenye alama ya X: mtu akiigusa, kinachosimuliwa kinarukwa bila maswali. Usiombe maelezo.

Ukitaka kuendesha wewe

Kipindi cha saa nne si saa nne za kucheza. Dakika 15 zinaliwa na kuketi na kuchagua wahusika, 10 na mapumziko, 15 na kufunga na kuwapisha wanaofuata. Panga kwa saa tatu na dakika ishirini: vyumba vitano hadi saba vitakavyofikiwa. Anzia mlangoni mwa handaki; kijiji na kilabu cha pombe vinakula saa nzima. Tayarisha wahusika wanane kwa viti sita, ili wa mwisho kuchagua naye awe na chaguo, na wawe ngazi ya 2 au 3. Kwa ngazi ya kwanza, kifo cha dakika ya ishirini kitamwacha mtu aliyesafiri mbali akitazama wenzake.

Zingatia zamu na mienge kama nyumbani, ila weka saa ya kweli mbele yako. Ikifika saa ya tatu na bado wako chumba cha pili, ondoa mlango mmoja wa ramani na uwafikishe. Hazina ihesabiwe mezani mwishoni, kwa sauti, sarafu kwa sarafu.

Ukumbi una kelele nyingi. Simama unaposimulia, kaa katikati ya upande mrefu wa meza badala ya kichwani, na njoo na maji na pipi za koo. Wahudhuriaji wa zamani wana kanuni ya 6-2-1: kila siku saa sita za usingizi, milo miwili ya kweli, oga moja. Anayeipuuza hurudi nyumbani na mafua, kwa kuwa dadu na penseli zile zimepita mikononi mwa watu wengi; nawa kabla ya kula. Ndani kuna baridi ya viyoyozi hata nje kukiwaka jua la Agosti, basi beba sweta. Na kama umenunua vitabu, pima sanduku Jumamosi usiku, siyo Jumapili kwenye kaunta ya ndege: vitabu vizito viingie mkoba wa mkononi, dadu ziende sandukuni.